Mwalimu, jicho limetoka vizuri ila uso ni matope

Mwezi huu kapu la barua limejaa maswali ya rangi za mafuta tupu. Kosa ni langu, toleo lililopita nilisema anayetaka kujua kuchora sura kwa mafuta achague mchoro mmoja wa zamani, akae nao, aukopi mpaka mgongo ulalamike, na mmenishika neno. Naanza na huyu wa Morogoro kwa sababu barua yake ndo ndefu kuliko zote na nusu ya walioandika wamekwama palepale alipokwama yeye.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa mabango huku Morogoro, naandika maduka, magari, na zile sura za mitindo ya nywele kwenye kuta za vinyozi ni mimi nazichora, kwa hiyo kuchora sio mgeni. Nilivokusoma nikaingia kwenye simu nikapata picha ya msichana yatima yuko makaburini, ya Mfaransa anaitwa Delacroix, nikaipenda sana yale macho yaani kama kilio kimeshafika ila amekibana. Nikanunua rangi tyubu saba nikaanza. Leo mwezi wa pili na nusu. Jicho moja limetoka mpaka mke wangu anasema linamwangalia akipika, lakini uso wote mwalimu ni matope, ngozi inatoka kama uji wa ulezi na kila nikirekebisha inazidi. Alafu lile jicho zuri nikirudi nyuma hatua tano naona liko juu kuliko linavotakiwa. Nifute au kuna namna ya kulisogeza? Na kuna jamaa hapa kijiweni ananiambia kukopi ni wizi, msanii wa kweli anatoa kichwani kwake. Umeonaje hapo.

JIBU: Marahaba fundi. Jicho halisogezwi, anza upya.

Najua inauma. Lakini jicho zuri lililokaa pabaya ni sawa na mlango wa mninga umeutia kwenye ukuta ambao nyuma yake hakuna chumba. Na usijaribu kulifuta, rangi ya miezi miwili imeshashika, ukiisugua na tapentaini utachubua tu na kuharibu kitambaa. Iache hiyo kanvasi, igeuze itazame ukutani, usiitupe, utakuja kuihitaji. Mimi yangu ya kwanza ninayo mpaka leo. Nilikuwa kijana, nina kitabu chakavu chenye picha za Géricault, mchoraji wa zamani wa Kifaransa, nikaanza na jicho la kushoto kwa brashi nyembamba kama sindano, kope moja moja, wiki tisa, naita watu waje waone. Siku niliyofika kwenye sikio nikakuta hakuna nafasi ya sikio. Kanvasi imeisha. Mtu mzima kabisa, ndevu zake nzuri, hana sikio na hawezi kulipata popote.

Tatizo lako na langu ni moja: tulianza na kitu tulichokipenda. Wewe umezoea bango, na kwenye bango unaanza na herufi ya kwanza unamaliza na ya mwisho, kila herufi ikishatoka imetoka. Sura kwa mafuta haiendi hivo. Sura inaenda yote kwa pamoja, mbaya yote, halafu mbaya kidogo yote, halafu nzuri yote, na jicho linakuja karibu na mwisho wakati nyumba yake imeshajengwa.

Kabla ya rangi nikuambie kidogo uliyemchagua, maana umechagua vizuri kuliko unavojua. Eugène Delacroix alizaliwa 1798, huyu yatima alimchora karibu na 1824 akiwa na miaka ishirini na kitu, yaani ni picha ya kijana. Ipo jumba la makumbusho la Louvre, Paris, na sio kubwa, urefu kama sentimita 65 na upana 54. Wakati huo alikuwa anahangaika na mchoro mkubwa sana wa mauaji ya kisiwa cha Chios, ule una zaidi ya mita nne kwenda juu, na huyu msichana anahesabiwa ni moja ya sura alizochora akijiandaa na kazi ile. Ndo maana anafaa kwa mwanafunzi: mwenyewe Delacroix alikuwa kwenye mazoezi. Hajamaliza kila kitu. Shingo na uso kavifanyia kazi, nguo iliyoshuka begani kaipitia kwa haraka, na nyuma misalaba ya makaburi na anga la jioni kavipiga brashi chache tu akaendelea na maisha.

Na huyo jamaa wa kijiweni mwambie hivi. Delacroix mwenyewe alikuwa anakwenda Louvre kukopi wachoraji waliomtangulia, Rubens, Veronese, Raphael. Jumba lile lilifunguliwa kwa watu 1793 na tangu zamani wachoraji wanasimamisha stendi zao mbele ya michoro wanakopi, mpaka leo wanatoa vibali, sharti kubwa nakala isilingane ukubwa na mchoro wenyewe ili mtu asije akaiuza kama halisi. Baadaye Manet naye, mchoraji mwingine wa Kifaransa, akiwa bado kijana, akaenda kwa mzee Delacroix kuomba ruhusa akopi mchoro wake wa mshairi Dante kwenye mtumbwi, akapewa. Ni mlolongo, kila mmoja kamnyonya aliyemtangulia. Wizi ni kusema ni yako.

Haya, kazi. Printi kwanza. Simu weka mbali, simu inang'aa kwa taa yake na ukigusa tu mwanga unabadilika, leo msichana ni wa njano kesho wa bluu. Nenda steshenari uprinti kwenye karatasi ya A3, mara mbili, moja ya rangi moja ya nyeusi na nyeupe. Ukichukua nusu ya ukubwa wa mchoro halisi unapata kama sentimita 33 kwa 27, inaingia kwenye A3 bila shida. Piga gridi ya miraba ya sentimita 3, yaani 11 kwenda chini na 9 kwenda pembeni. Gridi si unaijua, ndo unayotumia ukutani kwa kinyozi. Kanvasi ikate kipimo hichohicho uone moja kwa moja bila mahesabu.

Kanvasi kama huna ya dukani, amerikani nzito inatosha kwa mazoezi, ivute kwenye fremu ya mbao, ipake jeso, ile nyeupe ya kutayarishia kanvasi. Jeso ikikosekana, rangi ya maji nyeupe ya ukutani, ile isiyong'aa, mikono mitatu, kila mkono ukikauka piga msasa laini. Haitakaa miaka mia mbili lakini na wewe bado hujafika huko.

Sasa hiyo nyeupe usichore juu yake. Chukua bant amba, ile kahawia ya udongo, izimue na tapentaini iwe kama chai ya rangi, paka kanvasi yote, futa na kitambaa mpaka ibaki kama karatasi ya kaki. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini uso wako ulikuwa matope. Kwenye nyeupe kila rangi unayoweka inaonekana nyeusi mno, kwa hiyo mkono unakimbilia nyeupe, unaongeza nyeupe, unaongeza nyeupe, mpaka kwenye kivuli umetia nyeupe. Ulezi umeshaiva. Kwenye kaki unaona pande zote mbili, kipi kiko juu ya kaki na kipi chini yake.

Chora mistari kwa amba hiyohiyo na brashi, nyepesi, kichwa kimeinuka vipi, taya inaishia wapi, bega liko wapi. Usichore jicho! Weka kijishimo tu, giza la tundu la jicho, basi. Halafu chukua ile printi nyeusi na nyeupe, fumba macho nusu, kama mtu anayetazama jua. Utaona mambo mawili tu, mwanga na kivuli. Kivuli cha pembeni ya uso kinaungana na cha chini ya taya, kinashuka shingoni, ni nchi moja hiyo haina mpaka. Kipake chote kwa amba nyembamba, kama ramani. Ukikosea futa na kitambaa. Mwanga usiupake kabisa, ufute tu kaki ing'ae. Ukirudi nyuma hatua tano na unamtambua yule msichana, bila jicho, bila mdomo, bila hata tone la rangi ya ngozi, basi umefaulu nusu ya kazi na ni siku moja imepita. Kama humtambui, usiendelee, hakuna rangi itakayokuja kumwokoa.

Iache ikauke siku mbili tatu, amba inakauka haraka.

Tyubu zako saba hujaniambia ni zipi, mimi ningekuwa na nyeupe ya titanium, yelo oka ile njano ya udongo, vemilioni ile nyekundu kali, lizarini ile nyekundu ya damu, bant amba, ultramarini ile bluu ya kina, na nyeusi ya ivori. Usitumie zote kwa pamoja, matope yanatoka hapo pia. Kila rangi ya ngozi iwe na rangi mbili, zikizidi tatu, na nyeupe. Ya nne ikiingia ndo huo uji.

Jaribu hili leo usiku kabla hujalala: chukua yelo oka na nyeusi kidogo mno, ncha ya kisu, uchanganye. Inatoka kijani! Kijani cha zeituni. Ongeza nyeupe, inakuwa ile rangi ya ajabu iliyoko kwenye shingo za watu kwenye michoro ya zamani na karibu na mdomo, ambayo ukiitafuta kwa kijani cha tyubu huipati ng'o. Ukiiweka pembeni ya shavu lenye wekundu kidogo, shavu linaonekana lina damu. Shavu lenyewe hujaligusa, jirani yake ndo kalifanya hivo.

Delacroix alikuwa mgonjwa wa mambo haya. Kwenye shajara yake aliandika alivomwona mtoto anakwea sanamu za chemchemi ya Saint-Sulpice kule Paris, jua limempiga, akaona kwenye mwanga chungwa lililofifia, pale kivuli kinapoanza akaona zambarau, na ndani ya kivuli mng'ao wa dhahabu unaotoka chini kwenye ardhi. Hiyo ndo ngozi. Mwanga, mpaka wa kivuli, na kivuli, kila kimoja na rangi yake. Wewe ulikuwa na rangi moja ya ngozi kwenye kikopo, ukaiongezea nyeupe huku na nyeusi kule, kama rangi ya bango.

Sheria moja ya mafuta ambayo mtu wa bango haijui: kivuli kiwe chembamba, mwanga uwe mzito. Kwenye kivuli rangi iwe nyepesi, ile kaki ya chini ipumue, usitie nyeupe humo, sitaki kuisikia. Kwenye paji la uso, ncha ya pua, begani, hapo weka rangi nene, iache alama ya brashi, usiilainishe kwa kidole. Na brashi ziwe mbili mkononi, moja ya mwanga moja ya kivuli, brashi ya kivuli ikiingia kwenye mwanga imeshamaliza siku yako.

Ili ujue rangi uliyochanganya ni yenyewe, chukua kipande cha nailoni ngumu inayoonyesha, ile ya kufungia zawadi, kiweke juu ya printi ya rangi, paka tone la mchanganyiko wako juu ya shavu. Likipotea, ndo hilo. Likionekana kama bandeji, angalia: ni la giza mno au la mwanga mno, hilo kwanza, halafu ndo uulize kama ni jekundu mno au la kijani.

Na sasa jicho, maana najua umevumilia. Weka nyeupe safi ya tyubu kwenye palete. Pembeni yake changanya rangi ya weupe wa jicho la yatima kwa kutumia ile nailoni. Utashangaa, ni kijivu. Kijivu kabisa, kinaelekea bluu upande mmoja, na pembeni kabisa karibu na pua kina wekundu. Mtu akitazama juu weupe unabaki chini ya mboni, na hapo ukope wa chini unakaa kama ukingo wa sahani, una unene, una unyevu. Ule wekundu wa ukope ndo unaokwambia amelia au anataka kulia. Wengi wanachora chozi. Hapo machozi unayasikia kwenye wekundu wa ukope na kwenye mdomo uliofunguka kidogo, basi. Lizarini kidogo na amba, mstari laini, usiwe mkali, halafu nukta moja ya mwanga, moja tu, kwa brashi safi, na ukishaiweka weka brashi chini utoke nje ukanywe chai.

Ukimaliza mpige picha unitumie, na lile la ukutani lipige vilevile, ziwe pamoja.

SWALI: Mwalimu mimi niko Tanga, picha yangu haikauki wiki ya tano sasa, ukigusa inanata na vumbi linaingia, kuna nzi wawili wamo humo. Niianike juani? Mafuta ya linsidi sikupata nikatumia ya nazi ya nyumbani, bibi anakamua mwenyewe, masafi kabisa.

JIBU: Mdogo wangu. Nazi haitakauka. Sio wiki ya tano, hata mwaka wa tano, mpe bibi pole nyingi na usimwambie ilikoenda.

Tuelewane hapa maana lugha inatuponza. Rangi ya maji inakauka kwa maji kuondoka, kama nguo kwenye kamba. Mafuta ya mchoraji hayaondoki, yanabaki humohumo, yanakula hewa yanageuka kuwa ngozi ngumu. Mafuta yanayoweza kufanya hivo ni machache, ya kitani ambayo ndo linsidi, ya jozi, ya mpopi. Ya nazi hayana uwezo huo, ndo maana chupa ya nazi inakaa kabatini haishiki kitu. Ya alizeti ya kupikia yanajitahidi lakini kwa kuvuta miguu, yatakuachia unato. Kwa hiyo kwangua hiyo yote na kisu, na hao nzi, futa na tapentaini, uanze. Jua halitakusaidia, litaipasha tu.

Na kuna wengine watatu wameandika kwamba walikwenda hardware wakaomba rangi ya mafuta wakapewa kopo. Mmepewa sawasawa, hiyo ndo inaitwa rangi ya mafuta pale, ya milango na mageti, na mabingwa wetu wa Tingatinga wameitumia hiyohiyo tangu Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, miaka ya sitini mwishoni, na wamefika nayo mbali. Inang'aa, inakauka usiku mmoja, mstari wake mkali kama wembe. Kwa twiga haina mpinzani. Lakini kwa huyu yatima inakukatalia, kwa sababu unahitaji rangi inayobaki mbichi siku mbili ili mpaka wa shavu na kivuli uulainishe taratibu, na kopo halikungoji. Omba rangi ya tyubu ya wasanii, na useme tyubu. Delacroix mwenyewe wakati anamchora yatima tyubu hakuwa nazo, ile ya bati ya kuminya ilipata hataza 1841, kabla ya hapo rangi inakaa kwenye vibofu vya nguruwe, unatoboa unaminya. Tusilalamike sana.

Tabaka la chini liwe na tapentaini zaidi, la juu ndo liwe na mafuta zaidi. Ukigeuza, la juu linakauka kwanza, la chini bado linasogea, na linalotokea baadaye ni ule mchoro uliopasuka kama tope la bwawa mwezi wa tisa. Wakubwa wenyewe limewakuta. Géricault kwenye lile dude lake la Medusa, mchoro wa watu wa meli iliyokwama, kuna lami ya bitumeni, nzuri sana siku ya kwanza, kahawia ya kina, lakini haikauki vizuri na inazidi kuwa nyeusi, mchoro umegiza na hakuna wa kuurudisha.

SWALI: Assalam aleikum mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa Mombasa, wasema tukopi wazee wa zamani, sawa, lakini wote ni Wazungu, nimekopi mashavu ya waridi miezi minane, juzi nikamchora mamangu mzazi nikashindwa kabisa, ngozi yake ilitoka ya jivu kama maiti, akaangalia akanyamaza. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam. Huko kunyamaza kwa mama nimekusikia kutoka huku.

Sio wote. Fungua Géricault tena, safari hii tafuta mchoro wa kichwa cha mtu mmoja anaitwa Joseph, upo jumba la Getty huko Los Angeles na wanaruhusu kupakua picha kubwa bure, ya kuprinti. Joseph alitoka Saint-Domingue, ndo Haiti ya leo, akafika Ufaransa kijana, alifanya kazi kwenye kundi la sarakasi na baadaye akawa modeli anayetafutwa na wachoraji wa Paris. Ule mchoro mkubwa wa Medusa, wa 1819, wa wale waliotupwa kwenye chelezo baharini 1816 meli yao ilipokwama pwani ya Mauritania, watu karibu 150 wakapanda na walipokutwa wamebaki 15, yule aliyesimama juu kabisa ya wote anapunga kitambaa kuita meli, aliyemkalia Géricault ni Joseph. (Na Delacroix, yule wa yatima, alikuwa rafiki wa Géricault, naye aliwekwa pale chini kama mmoja wa waliolala kifudifudi. Paris ilikuwa ndogo.) Kichwa cha Getty ni cha wakati huohuo, sentimita 47 kwa 38 hivi, ni mtu na mawazo yake, hakutazami wewe, na hajachorwa kama kitu cha kushangaa. Mkopi huyo.

Sasa jivu. Ngozi nyeusi ukiifanya ing'ae kwa nyeupe peke yake inapauka, palepale, kama mtu ametoka kuoga hajajipaka mafuta. Mama alichokiona ni hicho. Ngozi yetu inaakisi, mfano wa meza ya mpingo iliyopigwa polishi, kwenye paji la uso kuna anga, kuna dirisha, kama kakaa karibu na kanga ya njano basi chini ya kidevu kuna njano. Kwa hiyo ule mwanga mkali wa paji uchanganye wa baridi, nyeupe na ultramarini kidogo na tone la oka, uweke padogo na usiutandaze. Mwili wenyewe wa ngozi, ile sehemu kubwa, uwe na joto, bant siena ile kahawia nyekundu ya udongo, oka, vemilioni kidogo. Na kivuli, hapo nyeusi ya ivori ifunge kabisa, iweke drooni. Giza lako litoke kwa lizarini na ultramarini na amba, nyembamba, ukiliweka mbele ya taa unaona ndani yake kuna wekundu. Ivori inafunga mlango, ukishaitia kivuli hakina tena kitu ndani.

Mkopi Joseph mara mbili, halafu rudi kwa mama, umkalishe karibu na dirisha asubuhi, mwanga utoke upande mmoja. Na umpe redio, mama hakai bure.

SWALI: Mwalimu niko Nakuru, chumba kimoja na mtoto wa miaka miwili, harufu ya tapentaini ni mbaya, na nimesikia vitambaa vinaweza kushika moto vyenyewe, ni ukweli ama ni story?

JIBU: Ni kweli dadangu, na ndo swali la maana kuliko yote ya leo. Kitambaa chenye mafuta ya linsidi kikikunjwa na kurundikwa kinajipasha chenyewe, yale mafuta yakila hewa yanatoa joto, na joto likikosa pa kutokea linawasha. Usirundike. Kiloweke kwenye kopo la bati lenye maji na ufunike, au kitandaze nje kimoja kimoja mpaka kiwe kikavu kabisa. Tapentaini chumbani na mtoto acha kabisa. Fanyia barazani, au tumia mafuta ya linsidi peke yake kwa kiasi kidogo, na brashi osha kwanza kwa mafuta halafu sabuni ya mche. Rangi zenyewe usinunue nyeupe ya risasi, ile madini yenye sumu, hata ukiambiwa ndo ya mabwana wa zamani, nunua ya titanium. Na ule kwanza ndo uchore, usile huku unachora, vidole vinakwenda mdomoni bila kukuaga.

SWALI: Nikimaliza nakala ya huyo yatima naweza kuiuza? Na nisaini jina gani?

JIBU: Uza. Delacroix alifariki 1863, hakuna anayekudai. Ila ukubwa wake usilingane na ule wa Louvre, nusu kama nilivyomwambia fundi wa Morogoro inatosha, na nyuma ya kanvasi, kwa rangi isiyofutika, andika "nakala ya Delacroix", jina lako na mwaka. Mbele usiandike jina lake hata mteja akikuongezea hela. Bei, hesabu siku zako na rangi zako, na wewe fundi wa Morogoro, ile yako ya kwanza yenye jicho lililokaa juu usiiuze, hiyo niliyosema igeuzwe ukutani.